Purimu: Kunyamaza Si Usalama

Kila mwaka, Februari au Machi, Wayahudi ulimwenguni husherehekea sikukuu ya Purimu. Watoto huvaa mavazi ya mzaha, Kitabu cha Esta husomwa kwa sauti, na kila litajwapo jina la Hamani waumini hupiga kelele ili lisisikike. Asiyejua huenda akadhani ni mchezo tu. Sisi twaona kwamba nyuma ya furaha hiyo mna fundisho zito kwa serikali na raia wa zama zetu.

Hamani, waziri wa mfalme Ahasuero wa Uajemi, alichukizwa na mtu mmoja, Mordekai, aliyekataa kumsujudia. Kwa ajili ya mtu huyo mmoja akaazimia kuliangamiza taifa lake zima, akapiga kura kuchagua siku. Na kura hiyo, puri, ndiyo iliyoipa sikukuu jina. Alipokwenda kwa mfalme hakulitaja taifa lenyewe. Alisema tu kwamba wako watu fulani wenye sheria zao mbali, na kwamba kuwavumilia hakuna faida. Mfalme hakuuliza ni akina nani. Alivua pete yake ya muhuri akamkabidhi, kisha wakaketi kunywa.

Hivyo ndivyo maangamizi yaanzavyo: watu hunyang'anywa jina lao, na mwenye mamlaka haulizi. Nchini Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita Watutsi mende, na jirani akamwinulia jirani panga. Tarehe 21 Aprili mwaka huo, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake wa kulinda amani huko hadi 270.

Wapo wanaostaajabu kwamba Kitabu cha Esta, katika maandiko ya Kiebrania, hakimtaji Mungu hata mara moja. Sisi hatustaajabu. Wokovu haukushuka kwa radi; ulipitia kinywa cha mwanamke. Mordekai alimwonya Malkia Esta kuwa jumba la mfalme halitamsalimisha, naye akaenda mbele ya mfalme bila kuitwa, ijapokuwa adhabu ya kufanya hivyo ilikuwa kifo. Hata hivyo amri ya kwanza haikuweza kutanguliwa. Hamani alikwisha kutundikwa mtini, lakini waraka wake ulikuwa ungali na nguvu, na damu nyingi ikamwagika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Yatupasa kusema pia kwamba aliyeokoka hana kibali cha kuwa Hamani. Siku ya Purimu, tarehe 25 Februari 1994, mlowezi mmoja wa Kiyahudi aliwaua kwa risasi Waislamu 29 waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimu mjini Hebron. Huko kulikuwa kuinajisi sikukuu, wala si kuiadhimisha. Purimu huwaamuru waumini kuwapa maskini sadaka na kupelekeana vyakula.

Leo chuki haihitaji matarishi wa farasi. Yasafiri kwa simu, na kwa dakika moja imefika majimbo yote. Basi kila asikiaye kabila, dini au wageni wakiitwa "watu fulani" ana wajibu wa kuuliza: ni akina nani hao, na wamekosa nini? Aulize kwa sauti, na aulize kabla muhuri haujapigwa.