Kuta za Lubumbashi zina habari zetu: tuzisome pamoja na watoto



Kila siku tunapita katika mji wetu tukienda sokoni, kanisani, hospitali ya Sendwe, au tukiwapeleka watoto masomoni. Tunaangalia magari, mashimo ya njia na bei ya unga. Ni mara chache tunainua macho juu ya mlango wa duka la zamani. Lakini pale juu, chini ya vumbi na rangi iliyopauka, kuna maandiko: jina la mfanyabiashara aliyeondoka zamani, mwaka wa kujenga nyumba, bei ya sabuni kwa makuta yasiyotumika tena. Juma hili tunapenda kueleza namna ya kuyasoma maandiko hayo, na kwa nini kazi hiyo inatuhusu sisi wamama.

Namna ya kujua umri wa kibao

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule reli iliyotoka kusini ilipofika hapa. Wabeleji waliuita Élisabethville, kwa jina la malkia wao Elisabeth, mke wa mfalme Albert wa Kwanza. Mwaka 1966 ukapewa jina la mto wake, Lubumbashi. Tangu 1971 hadi 1997 nchi iliitwa Zaire, na jimbo letu likawa Shaba. Baadaye jimbo lilirudia jina la Katanga, na tangu 2015 sisi ni wa Haut-Katanga. Kila badiliko lilileta fundi mwenye brashi, akafunika neno la zamani na kuandika jipya. Mvua inapoosha rangi ya juu, neno la chini linaanza kuonekana tena.

Mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa alama hizi:

Akiona neno "Zone" mbele ya Kenya au Katuba, kibao ni cha wakati wa Zaire, maana komini ziliitwa zone, na jimbo liliitwa "Région".

Akiona bei yenye herufi Z, ni ya feza ya zaire, iliyotumika tangu 1967 hadi 1993. NZ ni zaire mpya, 1993 hadi 1998. FC ni franka ya leo. Zaire moja iligawanywa katika makuta 100. Ndiyo sababu mpaka leo tunasema "makuta" tukitaka kusema feza yoyote.

Akiona SNCZ, ni shirika la reli wakati wa Zaire; leo ni SNCC. BCK ni jina la reli la zamani zaidi. UMHK ni Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, kabla serikali haijachukua migodi na Gécamines haijazaliwa.

Hata Celtel, ambayo sisi tunaikumbuka kama ya juzi, ni historia kwa watoto wetu: iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010.

Saa nzuri ya kusoma ukuta ni asubuhi, jua likiwa chini, au mara tu mvua inapokatika. Ukuta ukilowa, herufi zilizofifia zinaonekana vizuri zaidi.

Majina haya yamo katika karatasi zetu

Tufikiri juu ya jamaa moja ya Kamalondo. Kambo alizaliwa 1955: karatasi yake inasema Élisabethville, Congo Belge. Binti yake alizaliwa 1978: Lubumbashi, zone ya Kamalondo, Shaba, Zaire. Mjukuu alizaliwa 2016: Lubumbashi, Haut-Katanga, République Démocratique du Congo. Mtoto akisoma karatasi hizo tatu anaweza kuamini kwamba jamaa yake ilihama nchi mara mbili. Kumbe wote watatu walizaliwa katika parseli moja, chini ya mwembe mmoja. Tena tangu 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa na serikali, hata mama aliyeitwa Marie nyumbani hakuandikwa Marie katika diploma yake.

Mambo hayo yanaleta taabu siku ya kutafuta hati, au siku ya urithi, wakati kambo amekwisha kufa na hakuna anayeweza kueleza. Kwa hiyo tunashauri: kila jamaa iandike katika ukurasa mmoja majina yote ambayo avenyu yao, komini yao na watu wao walipata kuwa nayo, pamoja na miaka. Ukurasa huo uwekwe pamoja na karatasi za parseli.

Kile ambacho kuta hazisemi

Wakati wa Wabeleji mji wa Wazungu na mji wa Weusi vilitengwa, na katikati paliachwa eneo tupu. Vibao vya mjini viliandikwa kwa Kifaransa, na vilibeba majina ya wafanyabiashara kama Wagiriki, Waitalia na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, ambao sinagogi yao ingali imesimama. Mama aliyeuza maharagwe Kenya hakuwa na kibao.

Hata majina ya wanawake yaliyoandikwa yana somo lake. Mji wote uliitwa kwa jina la Elisabeth, kwa sababu alikuwa mke wa mfalme. Avenyu Mama Yemo iliitwa kwa jina la mama ya Mobutu, kwa sababu alizaa rais. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, na katika nyumba nyingi sahani ya watoto ilitegemea meza ya mama sokoni. Je, jina la mama yule limeandikwa wapi?

Katika matembezi yetu tulikuta ukuta mmoja wenye picha ya mashini ya kushona, karibu imefutika. Vijana waliokuwa nasi walidhani ni duka la vyombo. Kambo mmoja aliyekaa kivulini akacheka, akaeleza kwamba pale mama mmoja alifundisha wasichana kushona nguo za kanisa, na yeye ni mmoja wao. Akataja jina la mwalimu wake na majina ya wenzake sita. Juu ya ukuta halikuwapo hata moja. Tuliyaandika yote, na ni vizuri tuliharakisha, maana ndoo za rangi mpya zilikuwa mlangoni.

Zoezi la Siku ya Posho

Mwaka 2000 walimu wa Université de Lubumbashi walianza kukusanya kumbukumbu za wakaaji katika kazi iitwayo "Mémoires de Lubumbashi". Sisi tunaweza kufanya sehemu yetu. Siku ya posho tuchague avenyu moja, tumchukue kambo mmoja, watoto wawili au watatu, kaye na biki. Tuulize: Hapa palikuwa nini? Nani alifanya kazi hapa? Wamama waliuza nini? Njia hii iliitwaje?

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, tuombe ruhusa kwa mwenye nyumba kabla ya kupiga picha, na tuache majengo ya serikali na ya askari. Pili, watoto wasikwaruze rangi ya zamani wala wasitie vipande vyake mdomoni. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, ile madini tunayoiita plombe. Ndiyo imesaidia maandiko kudumu, lakini ni sumu inayoharibu akili ya mtoto mdogo. Wakirudi nyumbani, wanawe mikono kwa sabuni.

Mkutano ujao, kila kikundi kilete kurasa zake. Tutaanza na majina ya wamama.