Kichocho Kigunduliwe Mapema

Wapimaji wakija shehiani na kumpa mwanao kikopo atie mkojo, usimkataze. Huenda utasema, "Mwanangu ni mzima, anacheza mpira kila siku." Lakini kichocho huanza kimyakimya. Damu yaweza kuwamo katika mkojo, na jicho lisiione.

Kichocho ni ugonjwa wa minyoo. Mwenye kichocho akikojoa kijitoni, mayai ya minyoo huingia majini. Mayai huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wa majini. Baadaye hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevuka. Mwilini hukua kuwa minyoo na kutaga mayai. Mayai hayo hukiumiza kibofu. Kibofu kikiumia miaka mingi, saratani yaweza kuota. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikitia kichocho hiki katika orodha ya mambo yanayoleta saratani.

Je, tutakijuaje mapema? Kati ya mwaka 2011 na 2017 ulifanywa utafiti mkubwa Unguja na Pemba. Hapa Pemba shehia 45 zilihusika. Watoto wa miaka 9 hadi 12 walipimwa mkojo, hata wale walioonekana wazima. Mkojo hupimwa karibu na adhuhuri, maana wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Mpimaji huchovya kijiti. Kikibadilika rangi, damu imo. Mayai yenyewe hutafutwa kwa darubini. Watu waligawiwa dawa mara mbili kwa mwaka. Kichocho kilipungua sana, lakini hakikwisha.

Basi tufanye nini?

Mtoto akikojoa damu, usiseme anabalehe. Mpeleke kituo cha afya. Dawa yake ni prazikuanteli. Ale kwanza, ndipo ameze. Dawa huua minyoo, lakini haimkingi akirudi kuoga katika maji yale yale.

Mtu mzima akikojoa damu, asione haya wala asingoje maumivu. Aende hospitali akapimwe. Saratani ikigunduliwa mapema, matibabu yake huwa mepesi zaidi.

Sote tutumie choo. Tusikojoe mtoni, bondeni wala kidimbwini. Asiyekojoa majini amewakinga watoto wa jirani, na wa kwake pia.