Kanumba alinifundisha kuweka jina langu kwenye mfuko wa usipa

Leo siongelei picha za bidhaa wala bei. Leo ni stori ya Steven Kanumba, halafu na yangu.

Nilipokuwa mdogo hapa Kingerikiti, kibanda cha video kikiweka filamu ya Kanumba, mtoto aliyetumwa chumvi alisahau kurudi nyumbani. Tulimjua kama muigizaji tu. Nimekuja kumfuatilia ukubwani ndo nikagundua jamaa alikuwa mfanyabiashara.

Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Watu walimjua kwanza kwenye michezo ya Kaole Sanaa Group, ITV. Akaingia kwenye filamu, akaigiza chini ya kampuni ya Game First Quality. Angeweza kubaki hapo: unaigiza, unalipwa, unaondoka. Yeye akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film, akawa mtayarishaji. Uncle JJ na This Is It zilitoka hivyo. Jina la muigizaji likawa jina la kampuni.

Na hakungoja soko limfuate. Mwaka 2006 alishacheza Dar 2 Lagos na waigizaji wa Nigeria. Baadaye akatoa Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah. Mwaka 2009 alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa, watu wakamcheka kwa Kiingereza chake. Akaendelea kutoa kazi.

Sasa yangu. Nilikuwa nachukua usipa Mbamba Bay, nakausha vizuri, namuuzia bosi mmoja wa mjini kwa magunia. Siku moja naingia WhatsApp, naona usipa wangu umefungwa kwenye pakiti nzuri zenye jina lake, wateja wanausifia. Hakuniibia, alinilipa. Ila mimi hakuna aliyenijua.

Nikaanza kufunga nusu kilo nusu kilo, na jina langu na namba yangu juu. Bosi alipojua akaacha kuchukua mzigo. Miezi miwili nilikula mtaji, mama akaniambia nimejitakia. Leo nina wateja 41 wa kudumu, Songea mpaka Dar. Sio wengi, ila wakiisha usipa wananipigia mimi.

Cha kuondoka nacho:

1. Kuuza jumla sio kosa. Kosa ni mzigo wote kutoka bila jina lako.
2. Namba za wateja ziandike kwenye daftari. Simu inaibiwa.
3. Ukichekwa, boresha kisha post tena.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu. Zile CD zake siku hizi huzioni dukani, lakini taja jina lake popote Tanzania, watu wanajua.

Je, bidhaa yako ikifika kwa mteja leo, atajua imetoka kwa nani? Nijibu hapo chini.