Vidonda vya mgongo vinavyokula mtaji wa wenye punda Maganzo

MAGANZO, mji mdogo ulio wilayani Kishapu kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, unafahamika zaidi kwa almasi. Jirani yake upo mgodi wa Mwadui, ambako Dk John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Lakini kwa familia nyingi za eneo hili, mtaji unaoleta fedha ya kila siku hauchimbwi ardhini. Una miguu minne na masikio marefu.

Punda ndiye anayevuta madumu ya maji wakati wa kiangazi, kuni, magunia ya mtama na mahindi, pamba na mchanga wa ujenzi. Hahitaji mafuta wala vipuri. Hata hivyo, mtaji huo hupotea taratibu kupitia vidonda vya mgongo, mabega na kifua, na chanzo chake kikubwa ni matandiko mabaya.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mfano wa mwenye mkokoteni anayefanya safari 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Punda akipata kidonda kinachohitaji wiki 3 kupona, safari 90 zimepotea. Zidisha safari hizo kwa nauli, kisha linganisha na gharama ya mkanda mpana na blanketi kuukuu.

Wapo wanaokwepa hasara hiyo kwa kumfungia punda kazini na kidonda chake, kwa kauli ya "punda afe, mzigo ufike". Matokeo yake ni kidonda cha wiki 3 kugeuka cha miezi, na mzigo wa kesho kukosa wa kuuvuta.

Nira ya ng'ombe si ya punda

Kosa la kwanza ni kumvisha punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo nene inayosukuma nira. Punda hana nundu. Nguvu yake iko kifuani na mabegani. Nira humchubua shingo na kumfanya avute kwa taabu mzigo ambao angeumudu.

Kinachomfaa ni mkanda wa kifua, wenye upana wa kiasi cha sentimita 8 hadi 10, uliofungwa chini ya koo ili usimkabe, na juu ya kiungo cha bega ili usizuie hatua zake. Kamba nyembamba ya nailoni au waya hukata ngozi. Kipande cha mpira wa tairi kinaweza kutumika, ila upande unaogusa mwili ushonewe kitambaa cha pamba au blanketi.

Mkokoteni wa magurudumu mawili unahitaji pia tandiko la mgongoni. Liwe na mito miwili, mmoja kila upande, na katikati libaki pengo ili uzito usikae juu ya uti wa mgongo. Mkanda wa nyuma, unaopita chini ya mkia kuzunguka mapaja, humsaidia kuzuia mkokoteni kwenye mteremko.

Aidha, mzigo upangwe juu ya ekseli. Ukizidi mbele unamkandamiza mgongo. Ukizidi nyuma unamnyanyua. Kwa punda anayebeba mgongoni bila mkokoteni, kilo 50 zinatosha.

Dakika kumi za asubuhi

Kabla ya kufunga matandiko, punda apigwe brashi kuondoa vumbi, jasho lililokauka na miiba. Mkono upitishwe mgongoni, kifuani na chini ya mkia kutafuta uvimbe, joto au mahali palipotoka manyoya. Manyoya yaliyokatika ni onyo la kidonda kinachokuja. Matandiko nayo yafutwe jasho na kuanikwa kila jioni.

Kwato zote nne zichokolewe kwa kifaa butu kuondoa mawe na samadi, na zipunguzwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Maji ndiyo gharama ndogo inayosahauliwa. Punda anaweza kuhitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, na mara nyingi hukataa maji machafu. Anayeshinda akibeba maji ya wengine bila kunywa huweza kupata msokoto wa tumbo unaoua.

Kidonda kikitokea, kazi isimame. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Mafuta ya gari na maji ya betri visipakwe kamwe, vinaunguza nyama. Kidonda kirefu au chenye usaha ni cha daktari wa mifugo, kwani punda hushambuliwa kwa urahisi na pepopunda, ugonjwa unaobeba jina lake.

Kumpata mwingine si rahisi

Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, ambaye hafai kazi nzito kabla ya kufikisha miaka mitatu hadi minne. Pengo la punda mmoja haliwezi kuzibwa kwa msimu mmoja.

Mkoa wa Shinyanga unalijua hilo. Ulikuwa na machinjio ya punda, kama ilivyokuwa Dodoma, wakati mahitaji ya ngozi kwa ajili ya dawa ya ejiao ya China yalipopanda. Mwaka 2022 Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka 10, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha zuio la miaka 15 la biashara ya ngozi za punda barani.

Zuio linamlinda punda dhidi ya kisu. Dhidi ya kamba ya nailoni, anayemlinda ni mwenye mali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini mkaguzi wa karibu zaidi ni yule anayemfunga mkokoteni kila alfajiri. Akitunzwa, punda anaweza kuishi zaidi ya miaka 25. Ni mitaji michache ya mwananchi wa kawaida inayodumu kiasi hicho.