Je, Wajua? Namba 4,294,967,297 Ilivunja Dhana ya Fermat

Namba nzima 4,294,967,297 hupatikana kwa kuzidisha 2 zilizo 32 pamoja, yaani 2 kwa kipeo cha 32, kisha kuongeza 1. Mwaka 1640, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa pia mwanahisabati mahiri, aliamini kwamba namba za jamii hii, ambazo vipeo vyake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kurudufishwa, zote ni namba tasa, maana yake namba zisizogawanyika kikamilifu isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli.

Hata hivyo, mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba ya sita ni zao la 641 na 6,700,417, ambazo zenyewe ni tasa. Linalostaajabisha zaidi ni njia iliyothibitishwa naye baadaye: kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641, hivyo jaribio la tano tu, linaloweza kufanywa kwa kalamu na karatasi, hutegua namba inayozidi bilioni nne. Hadi leo hakuna namba tasa nyingine ya jamii hii inayojulikana zaidi ya zile tano.