Mkandaji na Mguu wa Mzazi

Mjini Tanga, mzazi aghalabu hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta ya nazi hadi arobaini yake. Huduma hiyo ni njema. Lakini katika siku hizo damu huganda kwa wepesi zaidi. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, yamkini bonge la damu limeziba mshipa. Kuuchua kwaweza kuling'oa bonge hilo likaingia mapafuni na kuua. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yataka waganga wasajiliwe. Cheti, hata hivyo, hakimfundishi mtu kusita. Mkandaji mwadilifu huuliza na kutazama kabla ya kugusa. Mguu wa namna hiyo huuacha, akahimiza mzazi apelekwe Hospitali ya Bombo siku ile ile, ijapokuwa ujira umemponyoka.