Fahamu: Chupa ya uzazi ikipasuka kabla ya wakati

Mjamzito wa Sofu, Kibaha, anaamka usiku na kukuta kanga imelowa. Ni mkojo? Huenda. Ila maji ya uzazi hayazuiliki kwa kujibana, na hayana harufu ya mkojo. Avae pedi safi, atazame rangi: yakiwa ya kijani au yana damu, haraka ya kwenda hospitali iongezeke. Asiingize chochote ukeni, wala asisubiri uchungu.

Ikipasuka kabla ya wiki ya 37, kinachohofiwa ni maambukizi na mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apewe erithromaisini. Na kati ya wiki ya 24 na 34, kama hana maambukizi, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Hiyo ni kazi ya hospitali kama Tumbi, si ya duka la dawa.

Maji hupungua hata chupa ikiwa nzima. Kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Kondo likidhoofika, tuseme kwa presha ya mama, mtoto hukojoa kidogo. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kirahisi mno, nazo huweza kuyapunguza. Ultrasaundi ikionyesha dimbwi kubwa kuliko yote halifiki kina cha sentimita 2, ni machache. Kunywa maji husaidia baadhi, lakini hakuzibi chupa iliyopasuka.

Usafiri ukikosekana, mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama hupigiwa bure kwa 115.